Pesa Ambayo Mama Hakutaka Kuila

Vijana wangu wa chumba cha nyuma, mnaonirithi kazi, kompyuta nimeizima na kiti nimekiacha pale pale dirishani. Atakayekikalia ajue kinainamia kushoto, na fundi wa Garsen ameshakitengeneza mara nyingi bila kukitengeneza. Mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyoishi kwa kununua na kuuza fedha za kigeni, hapa hapa Garsen, bila kuajiriwa na mtu. Haya, nimekubali. Lakini nawajua. Mnataka siri, na heri mvunjike moyo mapema tuendelee vizuri: siri hakuna. Kuna mama yangu, aliyekataa kula pesa niliyoipata kwa kazi hii, na kuna mimi, niliyeapa kwamba ataila, tena akijua imetoka wapi.

Kazi ya fedha sikuianzia kwenye kompyuta. Nilikuwa na kibanda cha kutuma na kupokea pesa pale steji, bati juu, bati ubavuni, na joto letu mnalijua. Ukikaa mle mchana unatoka umeiva. Nilikuwa nimeachika mapema, mtoto sina, kwa hiyo kibanda ndicho kilichokuwa kikinisumbua badala ya mume na watoto. Watu waliokuwa wakienda hija walikuja kutafuta riali za Saudia. Waliorudi walikuja na riali zilizobaki, ambazo hapa Garsen huwezi kununulia hata kiberiti. Nikaona jambo: kabla ya hija kila mtu anazitaka, baada ya hija hakuna anayezitaka. Nikawa nanunua kwa wanaorudi, naziweka, nawauzia wanaokwenda mwaka unaofuata. Hakuna aliyenifundisha. Sisi Waorma tumezaliwa kwenye ng'ombe, na mtoto wa ng'ombe anajua kwamba hupeleki fahali mnadani siku ambayo kila mtu amepeleka wake.

Mama alikuwa akiuza maziwa Minjila, kwenye njia panda, yeye na wanawake wenzake. Pesa ya riali aliila bila swali. Nilimpelekea sukari, majani ya chai, unga, naye akapokea na kuniombea dua. "Umeishika, umempa mtu, naye amekupa," alisema. "Hiyo ni biashara." Mama huzungumza nami Kiorma. Hapa namwandika kwa Kiswahili, na mkiona maneno yake ni makali, jueni nimeyapunguza.

Aliyenitoa kwenye riali ni Mwalimu Komora. Alikuwa akifundisha hesabu shule ya upili, Mpokomo wa upande wa mtoni, mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuhesabu chenji mara mbili halafu akakuomba radhi. Siku moja alinikuta nikibishana na mteja juu ya bei ya riali. Akangoja hadi mteja akaenda.

"Fatuma, hii biashara unaifanya mara ngapi?"

"Kwa mwaka mara moja, Mwalimu. Hija ni moja."

"Basi kuna watu wanaifanya kila siku," akasema, "na hawahitaji mtu aende Makka."

Juma lililofuata alikuja na kompyuta yake mgongoni. Akanionyesha chati ya euro na dola, vijiti vya kijani na vyekundu vinapanda na kushuka. Nilimuuliza ni mgonjwa gani anapimwa moyo. Komora hakucheka. Alinifungulia akaunti ya majaribio, yenye pesa za bandia, akaniambia nijifunzie humo hadi atakaponiambia basi. Wiki za kwanza nilipata kila nilichogusa. Pesa za bandia zina upendo sana, hazimkatai mtu. Nikaanza kujiona hodari, nikamwambia, "Mwalimu, hii kazi mbona nyepesi?" Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili jibu.

Alikuwa na swali moja, na ndilo alilonifundishia kazi. Kila nilipotaka kununua, alinizuia mkono. "Utatokea wapi?" Nikamjibu nitatokea pale bei itakapofika juu. "Sikuulizi hiyo. Ukiwa umekosea, utatokea wapi?" Kama sina jibu, haniruhusu kuingia. Kama ninalo, ananiamrisha niliandike kwenye mashine kabla ya kununua, ili ikifika bei ile broka, kampuni inayonishikia akaunti, anitoe mwenyewe, hata kama nimelala, hata kama nimekufa. "Aliyekufa anataka pesa ya nini?" nilimuuliza. "Warithi wanataka," akasema. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa majibu mafupi.

Basi nikaweka pesa ya kweli, akiba ya riali, na mwezi ule nikapata. Si nyingi, lakini ilikuwa ya kweli. Nikanunua unga, sukari, mafuta na shuka zuri, nikapanda gari hadi Minjila. Mama alikuwa anaosha vibuyu vyake vya maziwa. Alipoona mzigo akatabasamu, kisha akauliza.

"Riali?"

"Hapana, Mama. Euro. Nimeuza kwenye kompyuta."

"Uliishika?"

"Haishikwi."

"Aliyenunua ulimwona?"

"Sikumwona."

"Sasa ikapanda bei kwa nini?"

"Wakubwa wa benki huko Ulaya walizungumza."

"Walisema nini?"

"Walisema wanangoja kwanza."

Mama akaacha kuosha. "Wazungu wamesema wanangoja, na wewe umepata unga."

Nilijaribu kueleza, nikaona maneno yananikimbia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akafunga mfuko ule ule niliokuja nao, akaunyanyua, akaubeba mwenyewe hadi barabarani. "Hiyo ni kamari, Fatuma. Sili." Wanawake wenzake wa maziwa wote wakatazama. Nilirudi Garsen na unga wangu mapajani, na nililia hadi dereva akapunguza redio.

Ili mmwelewe Mama, lazima mjue habari za mjomba Guyo, kaka yake. Guyo alianza na karata, akamaliza na ng'ombe. Baba yao alipofariki, sehemu ya Mama ilibaki mikononi mwa Guyo amchungie, kama ilivyo desturi. Ng'ombe wale walikwenda mmoja mmoja, na kila aliyeondoka Guyo alisema kesho anamrudisha na ndama wake. Mama aliolewa mikono mitupu, na mwishowe ni yeye aliyemlisha Guyo hadi akafa. Kwa hiyo aliposema kamari, hakuwa anasema jambo alilolisikia msikitini tu. Alikuwa anasema jambo lililomla.

Lakini mimi si Guyo. Hilo ndilo lililoniuma. Ningekuwa Guyo ningenyamaza. Nikaapa pale pale kwamba kazi hii nitaifanya hadi iwe kazi, na Mama ataila.

Kiapo kizuri, ila kilinitia haraka, na haraka mnajua baraka zake. Nilitaka nipate kitu kikubwa nimwonyeshe. Broka anakukopesha, ukiwa na shilingi moja unacheza na mamia, nami nikachukua mkopo ule bila haya. Komora alikuwa amenionya juu ya taarifa ya ajira ya Marekani, inayotoka Ijumaa moja kila mwezi: ikitoka, bei zinaruka kama mbuzi walioona fisi, usiwe ndani. Saa yake nilikuwa naijua, saa kumi na nusu jioni. Miezi yote ile nilikuwa nikitoka saa kumi kamili, naketi pembeni natazama wengine wanavyoumia.

Ijumaa moja baada ya Machi nilikuwa ndani, nimenunua, nimejaa. Kituo cha kutokea, ile bei ya kunitoa nikikosea, sikuweka. Nilijiambia niko hapa hapa, nitatoka mwenyewe saa kumi, haraka ya nini? Ilipofika saa tisa na nusu nikaenda kutawadha kwa ajili ya alasiri. Nikarudi mikono inadondosha maji, akaunti imekauka. Hakikubaki kitu. Nilidhani mtandao umeharibika. Nikazima, nikawasha. Nikamkimbilia Komora shuleni, nikamtoa darasani.

"Hukusogeza saa?" akaniuliza.

"Kusogeza saa kwenda wapi?"

Kumbe huko Marekani, majira yakibadilika, watu wanakubaliana wote kusogeza saa zao mbele, na kwetu taarifa inatoka saa moja mapema, saa tisa na nusu. Jamani! Sisi hapa jua linachomoza saa kumi na mbili, linatua saa kumi na mbili, tangu enzi za Nuhu. Nani angeniambia kwamba kuna nchi ambako saa inaamriwa? Komora alikuwa analijua hilo siku nyingi, na hakuwahi kunitajia kwa sababu alidhani kila mtu analijua. Siku ile aliniomba radhi bila kuhesabu chenji. Nyinyi mnaocheka, haya, chekeni. Lakini andikeni ukutani siku saa zinaposogezwa, kwenda na kurudi.

Habari zilifika Minjila kabla yangu. Mama hakunisimanga sana. Alisema tu, "Mtu anayeweza kukusogezea saa, atashindwaje kukusogezea pesa?"

Hapo ndipo watu wengi wanaacha, na wanaoacha siwalaumu. Mimi nilikuwa na kibanda, nilikuwa na riali, na nilikuwa na hasira. Nikaanza upya, lakini safari hii nilianzia kwa Mama, si kwa Komora. Nilitaka nijue hasa kinachoitwa haramu ni kipi. Sheikh wa kwanza niliyemwendea alisema hapana, na hakutaka maelezo. Wa pili, wa upande wa Kipini, alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza maswali magumu kuliko ya Komora. Kisha akanipa masharti. Nisitumie pesa ya kukopa ya broka, niingie na yangu tu. Nisilaze biashara usiku, maana usiku ndipo riba inapohesabiwa. Niliyofungua leo niifunge leo. Na nisiingie kwa kubahatisha, niwe na sababu ninayoweza kumweleza mtu mzima akaelewa. "Wapo wenzangu wasiokubali hata hivyo," aliniambia, "na wana hoja. Mimi sikupi pepo, binti yangu. Nakupa masharti."

Nikampelekea Mama habari hiyo kwa furaha. Akaniambia, "Masheikh wako wawili. Tumbo langu ni moja."

Basi nikayashika masharti bila Mama kunishika mkono. Na sasa nyinyi mnaopenda mkopo wa broka, sogeeni karibu. Bila mkopo, faida ni ndogo, ndogo hata unaona aibu kuitaja. Lakini hasara nayo ni ndogo. Nilifanya euro na dola tu, jozi moja, kwa sababu sikuweza kumweleza mtu mzima habari za nyingine. Nilifungua kompyuta baada ya adhuhuri, Ulaya wakiwa kazini na Marekani wakiamka. Nilitazama jana bei ilikomea wapi juu na wapi chini, kisha nikangoja irudi pale. Ikirudi ikashindwa kupita, naingia, kituo cha kutokea nimeshakiweka. Isiporudi, nanywa chai. Kabla ya magharibi nafunga, nimepata, nimekosa, nafunga. Siku nyingi nilikunywa chai tu. Kutofanya kitu ni kazi, muulizeni mlinzi yeyote wa usiku.

Mwezi ulipita, na mwingine, nikaona miezi ya kupata inaanza kuizidi ile ya kukosa. Mwaka ukageuka, ikawa vivyo hivyo. Wa pili, vivyo hivyo. Polepole nikaongeza pesa yangu mwenyewe, hadi ikafika siku nikakifunga kibanda. Nawaambia ukweli wangu: masharti niliyoyashika ili Mama ale ndiyo yaliyonifanya nisifilisike. Ningekuwa na mama wa kupokea kila kitu, leo ningekuwa nauza vocha. Komora alikuwa na njia yake, ya haraka zaidi, naye alikuwa mzuri kwa njia yake. Mimi yangu ilikuwa hii.

Kuhusu vyombo, mnajua mlivyovirithi. Kompyuta ya mitumba kutoka Mombasa, feni, betri mbili za gari, sola ya juu ya paa, laini za simu za kampuni tofauti, maana mtandao wa Garsen una hedhi zake. Mwaka wa mafuriko makubwa barabara ilikatika, mnara ukanyamaza nikiwa ndani ya biashara. Nilikaa na simu mkononi natafuta alama ya mtandao juu ya meza, juu ya kiti, juu ya tangi la maji. Mtandao uliporudi siku ya pili nikakuta broka alishanitoa pale pale nilipoandika, hasara kidogo, basi. Nilimpigia Komora nikamwambia aliyekufa amefufuka na warithi hawakupata kitu. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia akicheka kwa sauti.

Mama katika miaka yote hiyo hakuacha kuja kwangu. Tulikuwa tunapendana, msidhani vingine. Lakini alikuja na kikapu chake: maziwa, unga, sukari, hata chumvi. Alipika kwenye sufuria yake, mimi napika kwenye yangu, tunakula tumekaa mkeka mmoja kila mtu na sahani yake. Majirani walituona. Mmoja aliwahi kuniuliza kama Mama anaogopa kulogwa.

Sasa nafika pagumu. Ukame ulipokaza, Mama akaugua nyongo, akahitaji operesheni Malindi. Mimi pesa nilikuwa nayo, yote, imekaa tu. Kaka yangu Barisa alikuwa na ng'ombe, lakini mnakumbuka ukame: mbavu unazihesabu kutoka barabarani, na mnunuzi anakupa bei ya mbuzi halafu anataka umshukuru. Barisa akaja kwangu.

"Lete pesa," akasema. "Tumwambie nimeuza ng'ombe."

"Na akipona akauliza ni yupi?"

"Nitamtaja mmoja aliyekufa. Wamekufa wengi."

Nilimpa maji akanywa. Nikamwambia, "Sitaki aile bila kujua, Barisa. Bora asiile."

"Dada, wewe una wazimu? Unashikilia ukaidi wako kwa ng'ombe wangu?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nilikwenda mwenyewe kwa Mama, nikapiga magoti kando ya kitanda chake, nikamwambia pesa ninayo, ni ya kompyuta, naomba uikubali. Alikuwa na maumivu hata sauti haitoki. Akatikisa kichwa. Barisa akauza madume wawili, waliokuwa wamebaki na nguvu ya kutembea hadi mnadani, kwa bei ambayo hadi leo hataki itajwe. Nilisimama pembeni mwa mnada ule, simu yenye pesa iko mfukoni, nikatazama ng'ombe wa kaka yangu wakipandishwa lori. Sijawahi kuichukia kazi hii kama siku ile. Na sijawahi kuazimia kama siku ile. Ningeiacha pale, ingekuwa kweli ilikuwa kamari.

Operesheni ilikwenda salama, alhamdulillahi. Kidonda kilitakiwa kusafishwa mara kwa mara kwenye zahanati, na Minjila ni mbali kwa mtu aliyeshonwa tumbo, kwa hiyo Mama akaletwa kwangu. Barisa alimletea chakula chake. Joto lilikuwa la kuua, na feni ni moja, na iko chumba cha kompyuta. Hakuna aliyepanga. Nilimtandikia godoro ukutani, chini ya feni, na ndivyo mama yangu alivyokuja kulala kwenye chumba cha kazi aliyokataa hata kuisikia.

Siku za kwanza alinipa mgongo. Kisha akachoka na ukuta, akageuka.

"Unacheza saa ngapi?" aliniuliza siku moja.

"Sichezi, Mama. Nafanya kazi."

"Hiyo kazi inaanza saa ngapi? Naona umekaa tu."

"Ndiyo hiyo."

Akaguna. Siku nyingine niliingia, nikapata kidogo, nikafunga; hakuuliza. Siku nyingine nikakosa, nikafunga, hakuuliza. Alikuwa ananitazama usoni zaidi ya kuitazama kompyuta. Mimi nikajifanya sioni, lakini shingo ilikuwa inaniwaka moto.

Ikafika siku ambayo euro iliporomoka. Huko Ulaya kulikuwa na kikao cha wakubwa wa benki, wakasema jambo ambalo halikutarajiwa, na bei ikaanza kushuka kama ndoo iliyokatika kamba. Kwenye kazi hii hata bei inayoshuka ina faida: unauza mapema, unanunua tena ikiwa imeshuka. Simu ikalia. Ilikuwa Komora, na nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika.

"Fatuma! Unaiona? Mimi nimo. Uza sasa hivi, bado ina safari!"

"Haijarudi pale pangu, Mwalimu."

"Haitarudi leo. Leo ni ya kuruka nayo."

"Basi wewe ruka. Mimi nangoja."

Nilisema hivyo kwa kinywa. Moyoni, wallahi, nilikuwa nimeshauza. Niliona madume wa Barisa. Nilipiga hesabu: nikiingia sasa, na nikichukua mkopo wa broka siku moja tu, jioni hii hii namrudishia kaka yangu ng'ombe wake wawili, wanono. Tena mbele ya macho ya Mama. Angeona kwa macho yake kwamba hii ni kazi yenye nguvu. Mkono wa kulia ukaenda kwenye kipanya peke yake. Nikaurudisha. Ukaenda tena. Nikaukalia. Nilikaa juu ya mkono wangu kama mtoto aliyeambiwa asiguse sukari, nikaitazama euro ikienda bila mimi, mpaka vidole vikafa ganzi.

Haikurudi pale pangu. Komora alipata siku hiyo, tena vizuri, na ninaandika hilo kwa sababu ni kweli. Adhana ya magharibi ilipoanza nikazima kompyuta. Nilijisikia mnyonge. Nilijiambia, umepewa siku moja ya kumwonyesha mama yako, na ulichomwonyesha ni mgongo wa mtu aliyekaa.

Tuliswali, yeye ameketi kwa sababu ya kidonda. Alipomaliza kutoa salamu hakuondoka kwenye mkeka.

"Umepata leo?"

"Sikupata."

"Umepoteza?"

"Sikupoteza. Sikuingia, Mama."

"Tangu mchana?"

"Tangu juzi."

"Na yule mwalimu alikuita."

"Aliniita."

"Alipata yeye?"

"Alipata."

"Na wewe ulitaka."

"Nilitaka sana," nikasema, na machozi yakanitoka hapo hapo, bila aibu. "Nilitaka kumrudishia Barisa ng'ombe wake."

Hakunibembeleza, si kawaida yake. Aliangalia mikono yake. "Guyo nilimfungia ndani siku moja," akasema. "Hili sikuwahi kukuambia. Nilimwambia, kaka, leo tu usiende, kesho nenda. Siku moja. Nikamwahidi ndama wangu wa mwisho akikaa hadi jioni. Ndama yule angeweza kumtia kamarini kesho yake, unaelewa? Nilimpa sababu zote za kukaa. Nikaketi nje ya mlango, nikamsikia anatembea, anatembea, anatembea. Halafu nikasikia kimya. Alivunja ukuta wa nyuma kwa mikono, akaenda."

Nje watu walikuwa wanapita wakitoka msikitini.

"Hakuweza siku moja," Mama akasema. "Nami nimelala hapa siku hizi zote nakungoja uvunje ukuta."

Alijinyoosha, akashika tumbo pale penye mshono, akaegemea ukutani.

"Fatuma."

"Naam, Mama."

"Ule wali uliopika mchana umebaki?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wali wangu?"

"Kuna mwingine hapa?"

"Umebaki. Na pojo. Lakini umepoa, ngoja niupashe."

"Sikuuliza kama umepoa."

Nikaleta. Akasema bismillahi, akala kwa mkono, taratibu, bila kunitazama, kama mtu anayekula nyumbani kwake. Alimaliza sahani yote, akaifuta kwa vidole, akaniuliza kama upo mwingine.

Haukuwepo. Miaka yote ile nilikuwa nikipika wa mtu mmoja. Nikainuka, nikaenda kuwasha jiko.